Mita moja, vyumba vinane: mwenye nyumba aandaliwe kabla sheria haijamfika

Sheria njema inayomfikia mtu asiyeielewa haina tofauti kubwa na adhabu. Ningependa wasomaji, hasa walimu na wanafunzi wetu, waipime kauli hii kwa jambo dogo linalopatikana katika nyumba nyingi za kupangisha katika Kisiwa cha Mombasa, nalo ni mita moja ya stima inayolisha vyumba vingi. Limezoeleka mno hata halionekani kuwa jambo. Lakini ndani yake mna bei, mna haki, mna ugomvi wa kila mwisho wa mwezi, na mna sheria ambazo baadhi zimekwisha kuandikwa na nyingine hazina budi kuja. Swali ninalouliza ni hili: ni nani anayemwandaa mwenye nyumba?

Tuchukue mfano wa Mwembe Tayari. Wazee husimulia kwamba mtaa huu ulipata jina lake kutokana na mwembe ambao misafara ya kwenda bara ilikutanika chini yake, watu wakafunga mizigo na kujiweka tayari kwa safari. Leo mpita njia ataliona soko, ataziona ofisi za mabasi ya masafa marefu, na kando ya barabara ya Jomo Kenyatta ataiona sanamu ya askari inayowakumbuka Waafrika waliotumika katika Vita Vikuu vya Kwanza. Nyuma ya maduka hayo, hata hivyo, zimo nyumba ambazo kila mwenyeji wa Mombasa anazijua. Ni nyumba za Kiswahili, zenye ukumbi uliopasua katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, na ua ulio nyuma wenye jiko, bafu na choo.

Nyumba ya namna hii aghalabu ilikusudiwa jamaa moja, au jamaa na wapangaji wachache. Miaka ikapita, mzee akafariki, warithi wakatawanyika, na kila chumba kikawa na mpangaji wake. Uani pakaongezwa vyumba viwili vya mabati au vya matofali. Nyumba iliyokuwa na jiko moja sasa ina majiko manane, maana zimo kaya nane. Kitu kimoja tu hakikuongezeka, nacho ni mita.

Hesabu ya feni moja

Tufanye hesabu ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kuifuata. Feni ya wati 60 ikizunguka saa 10 kwa siku, kwa siku 30, hutumia yuniti 18 za umeme. Taa mbili za wati 9 zikiwashwa saa 5 kila usiku hutumia chini ya yuniti 3 kwa mwezi. Ongeza runinga ndogo, redio na simu ya kuchajiwa, na chumba kitafika karibu yuniti 25. Hapa hatusemi juu ya anasa. Katika joto la Mombasa, mwezi wa Februari au Machi, chumba cha dirisha moja kilichozungukwa na vyumba vingine hakilaliki bila feni, sembuse kama mna mtoto mchanga au mgonjwa.

Sasa tutazame bei. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, ilipotangaza bei zilizoanza kutumika Aprili 2023, iliwagawa wateja wa majumbani katika makundi matatu. Mteja asiyezidisha yuniti 30 kwa mwezi alitozwa shilingi 12.22 kwa kila yuniti, kabla ya ushuru na nyongeza nyinginezo. Aliyevuka 30 bila ya kupita 100 alitozwa shilingi 16.30. Aliyepita 100 alitozwa shilingi 20.97. Bei ni mambo ya kubadilika, na hizi nazo zilipangiwa kubadilika kadiri miaka inavyokwenda. Ninalotaka tulitazame ni mpangilio wenyewe. Makundi hayo yaliwekwa kwa nia njema kabisa ya kumhurumia mnyonge anayetumia kidogo.

Je, mnyonge wa Mwembe Tayari alihurumiwa? Kaya nane zikitumia yuniti 25 kila moja, mita itasoma yuniti 200. Kama kila kaya ingekuwa na mita yake, zote nane zingehesabiwa kuwa wateja wadogo, na kwa jumla zingelipa shilingi 2,444. Kwa kuwa mita ni moja, mtambo unamwona mteja mmoja mwenye matumizi makubwa, naye anatozwa shilingi 4,194. Tofauti ni shilingi 1,750 kwa mwezi, na ushuru unaotozwa kwa asilimia huzidi kuipanua tofauti hiyo. Kwa hiyo mpangaji wa chumba kimoja mwenye feni na taa mbili analipia umeme wake kwa bei ya tajiri mwenye bustani na viyoyozi. Hakuna aliyemwibia. Waliopanga bei walifikiri kwamba mita ni mtu, na Mombasa mita si mtu. Mita ni nyumba nzima.

Yatosha kukumbuka pia kwamba mpaka wa wateja wadogo umehamahama. Mnamo Julai 2018 ulikuwa yuniti 10. Novemba mwaka huo huo ukapandishwa hadi 100. Na Aprili 2023 ukashushwa hadi 30. Kila ulipohama, hesabu ya nyumba za mita moja ilibadilika. Sidhani kwamba wengi miongoni mwa wenye nyumba wetu walikaa na wapangaji wao ukumbini wakawaeleza mabadiliko hayo. Wangewaeleza nini, ilhali wao wenyewe hawakuelezwa?

Na maji ni vivyo hivyo. Kisiwa hiki hakina mto. Maji yake ya mfereji hutoka mbali, kutoka Baricho kando ya mto Sabaki, kutoka Marere na Tiwi, na kutoka chemchemi za Mzima, umbali wa zaidi ya kilomita 200. Bei ya maji nayo hupanda kwa madaraja kadiri matumizi yanavyopanda. Nyumba ya kaya nane yenye mita moja ya maji huparamia daraja la juu kabla mwezi haujafika nusu. Na mfereji ukikauka, kila kaya hurudi kwenye mkokoteni wa mwuza maji, ambako mtungi wa lita 20 hauna daraja la mnyonge wala la tajiri.

Waingereza na joto lao

Jambo hili si letu peke yetu. Huko Uingereza kuna majengo mengi ya ghorofa ambayo kila nyumba ndani yake haina tanuri lake. Limo tanuri moja kubwa chini au kando ya jengo, na mabomba hupeleka maji ya moto katika nyumba zote kwa ajili ya kuoga na kupasha vyumba joto. Karibu kaya nusu milioni huishi kwa mpango huo. Mwenye jengo, awe baraza la mji au chama cha nyumba za bei nafuu, hununua gesi kwa jumla, halafu huwagawia wapangaji gharama.

Kwa miaka mingi hapakuwa na msimamizi. Kampuni za gesi na umeme zilikuwa na mdhibiti wao, Ofgem, aliyeweka kikomo cha bei kwa wateja wa majumbani. Lakini mpangaji aliyepashwa joto na tanuri la pamoja hakulindwa na kikomo hicho, kwa sababu kisheria yeye hakuwa mteja wa gesi. Alikuwa mpangaji tu. Bei ya gesi ilipopaa mwaka 2022, watu wa namna hiyo waligundua kwamba wako nje ya boma. Ndipo Bunge la Uingereza likatunga Sheria ya Kawi ya mwaka 2023 iliyompa Ofgem mamlaka juu ya mitandao hiyo ya joto, na usimamizi wenyewe ukaanza tarehe 27 Januari 2026.

Kilichonivutia mimi ni yale yaliyotokea kati ya sheria kutungwa na sheria kuanza. Wenye nyumba walipewa muda. Wakaambiwa mapema kwamba kuanzia siku fulani wao si wenye nyumba tu, bali ni watoaji wa huduma ya kawi. Kwamba watatakiwa kujiandikisha, kutoa bili zinazoeleweka, kutoza bei ya haki, kuwatambua wazee na wagonjwa walio katika hatari zaidi, na kuwa na njia ya kupokea malalamiko. Yakaandikwa maelezo, yakaitishwa mafunzo, vyama vyao vikaulizwa maoni. Sisemi kwamba mambo yote yalikwenda sawa, maana hakuna serikali isiyo na kasoro. Nasema kwamba walikubali kanuni moja muhimu, kuwa anayetakiwa kutii lazima kwanza aandaliwe kutii.

Waingereza hununua joto. Sisi watu wa Mombasa hununua upepo wa feni. Lakini swali la msingi ni lile lile. Mtu anayesimama kati ya kampuni na mpangaji, anayepokea bili moja na kuigawa mara nane, ni nani mbele ya sheria?

Mwenye nyumba ni nani?

Hapa ndipo mtu wa taaluma ya lugha anapopata la kusema. Sheria ya Kawi ya Kenya ya mwaka 2019 inataka leseni kwa anayesambaza umeme na kwa anayeuuza kwa rejareja. Je, mwenye nyumba anayegawa bili kwa vyumba vinane anauza umeme, au anaugawa tu? Na anayeongeza shilingi tano juu ya kila yuniti ili afidie taa ya ukumbini na pampu ya kisima? Na yule aliyenunua mita ndogo akazifunga katika kila chumba, akawa anawauzia wapangaji tokeni kwa bei yake? Kusambaza, kuuza, kugawa, kupitisha ni vitenzi vinne ambavyo kwa mwanasheria ni mashimo manne, na mtu anaweza kutumbukia katika mojawapo bila ya kujua kwamba palikuwa na shimo.

Sheria yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinatamka kwamba Kiswahili na Kiingereza ndizo lugha rasmi za Jamhuri. Kifungu cha 46 kinampa kila mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nazo. Ukiviunganisha vifungu hivi viwili utaona kwamba kumwelimisha mwenye nyumba wa Mwembe Tayari kwa lugha anayoielewa si hisani ya afisa mwema. Ni haki.

Tazama neno kodi linavyotupa taabu. Mpangaji akisema kodi ya nyumba anamaanisha kiasi anachomlipa mwenye nyumba kila mwezi. Mtoza ushuru akisema kodi ya nyumba anamaanisha ushuru wa mapato ya kupangisha, ambao tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 kwa wanaopata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Mfanyakazi wa mshahara naye akisikia kodi ya nyumba anakumbuka asilimia 1.5 anayokatwa chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024. Mambo matatu, neno moja. Ukibandika tangazo ukutani lenye maneno "kanuni mpya za kodi ya nyumba", watu watatu watalisoma na kuondoka na hofu tatu mbalimbali.

Au tutazame neno lenyewe, mwenye nyumba. Ni neno la umiliki, linalotuambia kitu ni cha nani. Lakini Kiswahili kina neno jingine. Kutokana na kitenzi panga, kwa maana ya kukodi, tunapata mpangaji. Na kwa kauli ya kutendesha tunapata pangisha na mpangishaji. Mwenye nyumba ni jina la mali. Mpangishaji ni jina la kazi. Mofimu ile -ish- ndiyo inayobeba jukumu, kwa maana mpangishaji ni mtu anayemwezesha mwenzake kupanga, na kwa hiyo ana wajibu kwake. Mtu anaweza kuwa mwenye nyumba akiwa amelala. Hawezi kuwa mpangishaji akiwa amelala. Sheria za leo hazimwulizi mtu ana nini, zinamwuliza anafanya nini, na lau tungelitumia neno mpangishaji katika matangazo na mikataba yetu, nusu ya somo lingekuwa limekwisha kufundishwa.

Mombasa tuna tatizo la ziada. Neno la Kiingereza linalotumiwa katika sheria za upangaji, asili yake ni bwana wa ardhi. Lakini hapa kwetu, tangu enzi za ukoloni, umekuwapo utaratibu uitwao nyumba bila shamba, ambapo kiwanja ni cha mtu mmoja na nyumba iliyosimama juu yake ni ya mtu mwingine, naye humlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi kila mwezi. Ndani ya nyumba hiyo wamo wapangaji wanaomlipa mwenye nyumba. Nyumba nyingine ni za wakfu, na nyingine ni za warithi kumi na wawili ambao watatu kati yao wako ng'ambo. Kanuni ikisema "mwenye jengo ataweka mita mbalimbali", je, inamwita nani mahakamani? Atakayeandika kanuni hiyo akiwa Nairobi, akidhani kila nyumba ina mtu mmoja mwenye hati, atakuwa ameandika kanuni ya mji mwingine.

Tulikotoka

Isidhaniwe kwamba haya ni manung'uniko mapya. Mombasa imewahi kugoma kwa sababu ya nyumba. Katika migomo ya mwaka 1939, malipo ya nyumba yalikuwa miongoni mwa madai makubwa ya wafanyakazi, wakiwamo wa bandarini. Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi waliacha kazi mjini humu, na ughali wa maisha pamoja na kodi za vyumba ulikuwa miongoni mwa yaliyowaudhi. Serikali ya kikoloni ikajifunza kwamba chumba cha mpangaji ni jambo la siasa.

Baadaye ikaja Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba, Sura ya 296, yenye baraza la kusikiliza mashauri ya wapangaji, na inayomkataza mwenye nyumba kumsumbua mpangaji kwa makusudi ili ahame au alipe zaidi. Kukata maji ili mtu ahame hakuwezi kuitwa jina jingine ila usumbufu. Lakini sheria hiyo inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kodi za mjini zimekwisha kuupita mpaka huo kwa vyumba vingi, na hivyo mlango wa baraza umebaki wazi huku watu wengi wakiwa hawaruhusiwi kuuingia. Mwaka 2021 Bunge la Taifa liliwasilishiwa mswada wa kuunganisha sheria tatu za upangaji kuwa moja. Muda wa Bunge hilo ukamalizika mwaka 2022 kabla mswada haujawa sheria.

Tunao mfano mwingine ulio karibu zaidi na joto la Waingereza. Mwaka 2012 zilitangazwa kanuni za kupasha maji moto kwa jua. Majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yalitakiwa kufunga mitambo ya jua, na yaliyokuwa yamejengwa tayari yakapewa miaka mitano, yaani hadi mwaka 2017. Wazo lilikuwa zuri, kwa kuwa nchi hii haina upungufu wa jua. Muda ulipotimia, wengi hawakuwa wametii, na kanuni hazikutekelezwa kama zilivyoandikwa. Miaka mitano ilitolewa, lakini muda si maandalizi. Kumpa mtu miaka mitano bila maelezo, bila mkopo na bila fundi wa kumwendea ni kumpa miaka mitano ya kusahau.

Pande zote zisikilizwe

Nawajua watakaosema kwamba wenye nyumba hawahitaji kuandaliwa, wanahitaji kuadhibiwa. Wapo, ni kweli, wanaofanya mita kuwa mradi, na wapo wanaozima stima saa tatu usiku kama njia ya kudai deni. Hao sheria iwashike. Lakini wengi ni watu wa kawaida: mjane anayeishi kwa kodi ya vyumba vitano, mstaafu aliyerithi nyumba ya babake, ndugu watatu wanaogawana kilichobaki baada ya ukarabati. Mpangaji mmoja akihama usiku bila kulipa, deni la stima hubaki kwa jina la mwenye mita. Mpangaji mwingine akipika kwa koili ya umeme mchana kutwa, saba waliobaki humlipia bila kujua. Bili ya pamoja humdhulumu mwenye nyumba leo, ikamdhulumu mpangaji kesho.

Wengine watasema kwamba kila kanuni mpya itaishia kupandisha kodi. Hofu hiyo ina msingi. Kufunga mita nane ni gharama, na mwenye nyumba atatafuta pa kuirudisha. Lakini tukumbuke hesabu yetu ya mwanzo. Katika nyumba ile ya vyumba vinane, kila kaya ilikuwa ikipoteza zaidi ya shilingi 218 kila mwezi kwa sababu tu ya kuunganishwa na wenzake. Kwa mwaka mmoja nyumba nzima ilipoteza shilingi 21,000. Fedha hizo hazikumfaidi mwenye nyumba wala mpangaji. Palipo na hasara ya namna hiyo, pana nafasi ya mapatano ambayo pande zote mbili zitatoka na kitu mkononi.

Nini kifanywe

Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi serikali za kaunti shughuli za nyumba, za maji, na za usambazaji na usimamizi wa umeme katika maeneo yao. Kaunti ya Mombasa yenyewe ilirithi mitaa ya nyumba za kupangisha kutoka baraza la manispaa, kwa hiyo haisemi na wenye nyumba kama mgeni. Ni mmoja wao. Ianze yeye. Nyumba zake ziwe za kwanza kuwa na bili zinazoeleweka, ili anayefundishwa amwone mwalimu akifanya.

Pili, kaunti na wadhibiti wa kawi na maji watoe kijitabu cha kurasa chache kwa Kiswahili chepesi, kikisema mambo manne: ni nani mpangishaji kisheria, hata penye nyumba bila shamba, anaruhusiwa kuwatoza wapangaji nini na asiongeze nini, bili ya chumba iandikweje, na mtu akidhulumiwa aende wapi. Kiwe na mfano wa ukurasa wa hesabu ambao mtu asiyesoma sana anaweza kuunakili katika daftari. Kijitabu kama hicho kikisomwa barazani baada ya swala ya alasiri, au katika mkutano wa chama cha akina mama, kitafanya kazi ambayo Gazeti Rasmi la Serikali halitaifanya kamwe.

Tatu, istilahi zikubaliwe. Vyama vya Kiswahili kama CHAKITA na idara za vyuo vikuu vyetu tusingojee kualikwa. Sheria ikishapita ndipo mtu akatafute neno la Kiswahili, atakuwa amechelewa. Neno litakuwa limekwisha kuzaliwa kombo vinywani mwa watu. Orodha ya maneno thelathini ya upangaji, stima na maji, yaliyofafanuliwa kwa mifano, si kazi ya mwaka mzima.

Nne, maandalizi yatangulie adhabu, na yawe na ngazi. Mwaka wa kwanza, kila mpangishaji aweke daftari la mita lililo wazi kwa wapangaji wote. Baada ya hapo zije mita za kila chumba, pamoja na mkopo wenye masharti nafuu kwa nyumba ndogo. Leseni na faini zije mwisho. Wala kukata huduma ili kumtoa mtu kusingoje ngazi hizo. Kukatazwe tangu siku ya kwanza, kwa kila chumba, bila ya kujali kodi yake ni shilingi ngapi.

Na walimu? Hesabu ya feni niliyoitoa hapo juu inafaa kufundishwa darasani kuliko hesabu ya matangi yasiyokuwapo yanayojazwa na mifereji isiyokuwapo. Mwanafunzi aagizwe kuisoma mita ya nyumbani kwao siku ya kwanza na siku ya mwisho ya mwezi, aandike tofauti, aigawe kwa vyumba, kisha katika somo la Kiswahili aandike barua rasmi ya mpangaji kwa mpangishaji, na jibu lake. Atakuwa amejifunza hisabati, uandishi na uraia kwa mita moja. Isitoshe, katika nyumba nyingi mtoto wa shule ndiye anayesoma ujumbe wa tokeni katika simu ya mzazi. Yeye ni mkalimani tayari. Kilichobaki ni kumpa maneno sahihi.

Kanuni za nyumba za kupangisha zitakuja, zije kutoka Nairobi au kutoka kwa kaunti yenyewe, kwa sababu mji unaojaa hauwezi kuendelea kuishi kwa kukisia. Zikija zikawakuta wenye nyumba wakiwa hawajui lolote, mzigo utateremshwa kutoka kwao hadi kwa mtu wa mwisho katika safu, yule mwenye feni moja na taa mbili. Yeye hana wa kumteremshia. Misafara ya zamani haikuondoka chini ya mwembe hadi mizigo ilipofungwa na kila mpagazi kujua anabeba nini. Watunga kanuni wetu nao wasianze safari hii kabla ya kufanya vivyo hivyo.